Shajara ya mradi: miezi ya kusubiri majibu ya udahili, kutoka Uyole, Mbeya

Mradi: kupata nafasi ya shahada ya uzamili katika haidrolojia (elimu ya maji), kuanzia Agosti au Septemba 2025, pamoja na hela ya kuisomea. Hiyo nusu ya pili ya sentensi ndiyo mradi hasa. Vyuo ni vinne. Humu nimevipa majina ya kupanga, maana simu yangu pale nyumbani hushikwa na kila mtu: Jangwa (kiko Arizona), Ziwa na Theluji (navyo Marekani, upande wa mashariki), na Mfereji (Uholanzi). Namna ya kuandika maombi sitaieleza sana. Ushauri wake umejaa kila mahali. Ila kuhusu kipindi kinachofuata baada ya kutuma, watu husema tu "kuwa na subira" kisha wanabadilisha mada.

16 Desemba 2024

Dirisha la Jangwa na Ziwa limefungwa asubuhi hii. Tarehe ya mwisho ilikuwa 15, saa 5:59 usiku, lakini ni usiku wa kwao. Ziwa wako nyuma yetu kwa saa nane, kwa hiyo siku yao inaisha huku ikikaribia saa mbili asubuhi ya tarehe 16, watoto wameshaingia darasani. Jangwa wako nyuma saa kumi, hao walinivumilia hadi karibu saa nne. Saa hizo zimekuwa za maana, kwa sababu jana jioni ilipiga radi moja juu ya Mlima Loleza, umeme ukaondoka hadi alfajiri.

Ada ya Ziwa ni dola 75, karibu laki mbili, imelipwa kwa kadi ya mtandaoni ya kwenye simu. Ametoa mjomba, hela ya parachichi. Theluji walinisamehe ada baada ya kuwaandikia barua pepe fupi ya kuomba, mapema kabla dirisha halijafungwa. Hawakuuliza mengi. Anayeomba mwakani aulize hilo kwanza kabla hajaenda kukopa.

Jambo jingine la kuangalia ni GPA, yaani wastani wa alama za chuo. Kwetu alama ya juu kabisa ni 5.0 na daraja la kwanza linaanzia 4.4, kwao mwisho ni 4.0. Ukijaza 3.9 bila kueleza, wewe wa daraja la pili la juu unaonekana umebakiza kidogo ufikie kilele, halafu transkripti inakuja kukuumbua. Ukijaribu kuigeuza mwenyewe kwa hesabu za kubahatisha, unajipunja. Nimeandika ilivyo na kuongeza "kati ya 5.0" kila mahali palipokuwa na nafasi.

Hali: Mfereji imetumwa, Theluji imetumwa, Ziwa imetumwa, Jangwa imetumwa lakini barua moja ya mapendekezo haijaingia.

19 Desemba

Barua imeingia. Mwalimu aliyekuwa ameshikilia alikuwa anasahihisha mitihani. Vyuo vingi huwapa waandishi wa barua siku chache zaidi ya mwombaji, ila hilo nimelijua baada ya kumpigia simu mara nyingi mno kuliko inavyostahili kumpigia mtu aliyekufundisha. Nilianza na "Shikamoo Profesa" kila mara, na yeye akaitikia "Marahaba" kila mara, bila kuongeza neno.

29 Desemba

Hakuna cha kuripoti na hakitakuwepo: ofisi zao zimefungwa toka Krismasi mpaka mwaka mpya. Nimeandika tarehe hii kwa ajili ya mama tu. Tulikwenda Tukuyu kwa bibi, na ibada ilipoisha mama akasimama kutoa shukrani. Nilidhani ni shukrani ya mavuno. Kumbe ni ya "binti yetu anayekwenda Ulaya". Watu wamenipa mkono, ndaga fijo (asante sana ya Kinyakyusa) nyingi, mzee mmoja ameniombea safari njema. Kuanzia leo ninaosubiri nao majibu ni kanisa zima.

8 Januari 2025

Siku za kukaa bure zimefika. Shule niliyokuwa nafundisha tuisheni haijafungua masomo ya jioni. Nimejaribu kuandika ninachokifahamu kuhusu kinachoendelea upande wa pili, ili nisiwe nafungua akaunti za maombi kila dakika kama mtu anayefuatilia matokeo ya mechi.

Kwanza ofisi ya udahili inahakiki makaratasi: transkripti, barua, Kiingereza. Hapo ndipo akaunti husema "haijakamilika" au "imekamilika". Halafu faili linapelekwa idarani, kwa kamati ya maprofesa wachache ambao wana madarasa yao na utafiti wao, na wanasoma jioni. Wanakutana mwishoni mwa Januari au Februari. Kwenye fani kama yangu kuna swali la ziada: ni profesa gani ana hela ya kumlipa mwanafunzi huyu? Unaweza kuwa na faili zuri na usipate mtu, kwa sababu yule unayeendana naye hana mradi mwaka huo. Ndipo barua za kwanza zinatoka. Wengine hawakubaliwi wala hawakataliwi. Hao wanawekwa kwenye orodha ya kusubiri mpaka waliopata wakatae.

Nikiitazama hivyo, sehemu kubwa ya kusubiri kwangu haihusiani na ubora wa maombi yangu. Inahusiana na kalenda ya watu nisiowajua. Sijui kama hilo linapunguza wasiwasi. Limenipunguzia kujilaumu, nacho ni kitu.

20 Januari

Kanuni imewekwa leo. Barua pepe na akaunti za vyuo zinafunguliwa mara moja kwa siku, saa tatu asubuhi.

Saa tatu ina sababu. Nyuma ya nyumba nina kipimamvua, na mvua hapa nchini husomwa saa tatu asubuhi: yote iliyonyesha tangu saa tatu ya jana inaandikwa kwa mkupuo. Anayechungulia kila saa hapati mvua zaidi, anapata makosa zaidi, maana kila ukiinua chombo unamwaga kidogo. Na kwa Marekani saa hiyo inafaa kuliko zote. Wa mashariki wanaingia ofisini saa tatu asubuhi yao, ambayo kwetu ni saa kumi na moja jioni, na wanatoka ikiwa saa saba usiku huku. Wa Arizona saa tisa usiku. Kwa hiyo ikifika saa tatu yangu, siku yao nzima imekwisha na lililoandikwa limeandikwa. Mchana wote wa Mbeya wao wamelala. Kufungua simu saa saba mchana ni kula bando tu.

Kipimamvua ndicho kilichonifikisha kwenye maombi haya, nikieleze kidogo. Nilianza na chupa ya plastiki iliyokatwa kichwa na kugeuzwa kama faneli, baadaye nikanunuliwa cha kweli. Milimita moja ni lita moja kwa kila mita ya mraba, hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la tano anaipata. Kinachonishangaza ni tofauti ya mahali na mahali. Tukuyu, mwendo wa kama kilomita 70 kutoka Mbeya mjini, mvua ya mwaka hupita milimita 2,000. Ukishuka upande wa pili, bonde la Usangu linapata kama theluthi ya hiyo. Mito inayolilisha bonde, akina Mbarali, Kimani na Chimala, inatoka milimani huku. Inalisha mashamba ya mpunga, inaingia kinamasi cha Ihefu, inatoka kama mto Ruaha Mkuu kwenda Hifadhi ya Ruaha na bwawa la Mtera. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kabisa wakati wa kiangazi ndani ya hifadhi. Watu hubishana nani amekula maji: mkulima wa mpunga, mfugaji, au mvua yenyewe. Huwezi kumaliza ubishi huo kama huku juu vipimamvua ni vya kuhesabu. Hiyo ndiyo barua yangu ya nia, kurasa mbili, imefupishwa.

31 Januari

Jana usiku nimefanyiwa usaili na profesa wa Jangwa. Saa tano asubuhi kwake, saa tatu usiku kwangu. Niliomba kukaa kwenye ofisi ya jirani mwenye jenereta, duka la kuchapisha pale njia panda ya Uyole, kwa sababu mvua ilikuwa imeshaanza kunguruma. Jirani alifunga mlango wa mbele akabaki ndani na mimi "kwa ajili ya usalama", akawa anasikiliza kila kitu.

Profesa hakuniuliza ndoto zangu. Aliuliza kipimamvua changu kiko umbali gani na ukuta. Aliuliza nafanya nini siku nikisafiri (mama anasoma, anaandika kwenye daftari la jikoni). Aliuliza kama nimewahi kulinganisha namba zangu na makadirio ya mvua yanayotoka kwenye setilaiti. Nimewahi; nikamwonyesha mchoro ambapo setilaiti inaikosa sehemu ya mvua ya milimani. Tukazungumzia hapo muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Mwishoni akasema anapenda kufanya kazi na mimi, lakini uamuzi ni wa kamati na fedha bado "inaangaliwa".

Jirani alizima jenereta akasema, "Dada, huyo amekukubali." Nikamwambia bado. Akasema, "Mtu hawezi kukuuliza habari za ukuta wa nyumba yako kama hajakukubali."

11 Februari

Tarehe 7 taasisi kuu ya Marekani inayotoa fedha za utafiti wa afya, NIH, ilitangaza kupunguza hadi asilimia 15 fungu linaloitwa gharama zisizo za moja kwa moja, yaani hela ambayo chuo hukatiwa juu ya kila ruzuku kwa ajili ya umeme, maabara na utawala. Mahakama imesimamisha kwa sasa. Mimi si mtu wa afya, nilidhani hainihusu. Rafiki yangu wa Iringa, tuliyekaa chumba kimoja chuoni na ambaye ameomba nafasi za entomolojia (elimu ya wadudu) huko huko, amenielewesha: bajeti ya chuo ni moja, ikitoboka upande mmoja wanaziba kwa kupunguza wanafunzi wapya pande zote. Vyuo vingine huenda vikasimamisha udahili.

Kuna uzito wake kukaa Uyole, unasikia mahindi yanavyotikiswa na upepo, ukawa unafuatilia hukumu ya jaji wa Massachusetts.

14 Februari

Theluji: hapana. Aya tatu, waombaji wengi, ubora wa hali ya juu, kila la heri. Imesomwa saa tatu na dakika chache, ikaandikwa kwenye daftari chini ya milimita za leo. Nilitarajia itauma zaidi. Mama aliuliza "wamesemaje?" nikamwambia, akasema "hao ni wa baridi, ungeugua", akaendelea kumenya viazi.

27 Februari

Majibu mawili kwa wiki moja, na yote hayasomeki.

Mfereji: ndiyo. Nimekubaliwa. Ada ya mwaka kwa asiyetoka Umoja wa Ulaya ni maelfu kwa maelfu ya euro, kisha kuna kula na kulala, na kuhusu ufadhili jina langu limeingizwa kwenye mchujo. Majibu ya mchujo ni katikati ya Mei. Niliposoma neno la kwanza nilipiga kelele, mama akaja anakimbia na mwiko mkononi, nikalazimika kumweleza kuwa nimekubaliwa kwenda mahali nisipoweza kwenda. Jambo hilo ni gumu kulieleza kwa mtu anayefurahi. Nasema hivi baada ya kulala nalo: "hapana" ya Theluji ilichukua asubuhi moja. Hii "ndiyo" isiyo na hela imenikalia wiki nzima. Nimejikuta napiga hesabu ya shamba la mjomba kwa bei ya heka, na hakuna aliyeniambia nipige.

Jangwa: idara imepunguza idadi ya wanafunzi wapya wenye ufadhili kwa sababu ya hali ya fedha za serikali kuu, niko kwenye orodha ya kusubiri, hawasemi nafasi ya ngapi. Profesa ameandika mistari miwili ya kwake pembeni, kwamba amenipigania na kwamba nisikate tamaa kabla ya katikati ya Aprili.

Ziwa: "inapitiwa".

10 Machi

Marekani walisogeza saa mbele jana. Ziwa sasa wako nyuma yetu kwa saa saba. Arizona hawabadilishi, wamebaki kumi. Kanuni ya saa tatu asubuhi haiathiriki. Nimeandika kwa ajili ya anayepanga usaili mwezi huu asije akaingia saa nzima baada ya wenzake.

22 Machi

Nimegombana na rafiki yangu wa Iringa. Naliandika kwa urefu kwa sababu nadhani ndilo jambo la msingi katika kipindi hiki chote na sijakuta mtu akilieleza kwa Kiswahili.

Yeye ana vyuo viwili vilivyomkubali kwa ufadhili kamili tangu Februari. Hajajibu hata kimoja. Anasubiri cha tatu, kwa profesa anayeshughulika na inzi weupe wa mihogo, ambaye ndiye aliyemtaka toka mwanzo. Na hana kosa kwa mujibu wa utaratibu. Baraza la Shule za Uzamili la Marekani lina azimio lililosainiwa na vyuo vingi: mwanafunzi aliyepewa ufadhili halazimiki kujibu kabla ya tarehe 15 Aprili. Liliwekwa kumlinda mwombaji, chuo kisimpe siku tatu za kuamua kwa vitisho. Ndiyo maana watu wa orodha za kusubiri wote macho yao yako kwenye tarehe hiyo moja. Aliyepata anaweza kukaa kimya mpaka siku ile. Aliye nyuma yake hawezi kusogea mpaka huyo aseme.

Nilimpigia jioni, yeye yuko Kihesa, namsikia anacheka na watu. Nikamwambia, "We dada, kile usichokitaka kati ya viwili si ukiachie? Kuna mtu kama mimi mahali fulani anafungua simu kila siku kwa ajili ya kiti chako. Ni sawa na kuweka kanga kwenye siti mbili za basi pale stendi kuu, mwenyewe uko nje unakula mahindi."

Akanyamaza. Kisha akasema, "Na basi likifutiwa safari?"

Akanisomea barua zake. Zote mbili zina kifungu kwamba posho "itategemea upatikanaji wa fedha". Mwezi huu kuna vyuo Marekani vimewaandikia waliokwisha kukubaliwa kuwaambia nafasi imeondolewa. Si tetesi, imetangazwa. "Nikiachia kimoja leo," akasema, "halafu hiki kingine wakaniandikia hivyo wiki ijayo, wewe utanipa nini? Utanipa kipimamvua?" Akasema pia kwamba mimi nina mjomba wa parachichi na yeye ana wadogo zake wanne, jambo ambalo ni kweli na ambalo sikupenda kulisikia.

Nimekuwa nikilizungusha hilo kichwani tangu jana. Sheria ile ilitungwa kwa mwaka wa kawaida, ambapo barua ya chuo ni barua ya chuo. Mwaka ambao vyuo vyenyewe vinarudi nyuma, kila mwenye viwili anavishika viwili, orodha haziendi, na sisi wa chini tunakaa gizani zaidi, wakati huo huo chuo nacho kinaogopa kutoa nafasi mpya kisije kikakubaliwa na wengi kuliko hela iliyopo. Hofu ya juu inashuka ngazi kwa ngazi mpaka inanifikia mimi Uyole kama neno "inapitiwa". Hata hivyo bado nashikilia: mwenye vitatu aachie kile ambacho hata njaa isingempeleka. Hapo hakuna usalama anaoupoteza. Mwenye viwili, sijui. Nimemtumia ujumbe wa kumtakia usiku mwema. Ameujibu kwa kicheko, basi hatujanuniana.

5 Aprili

Mjomba amekuja na gunia la ndizi kutoka Rungwe. Huuliza kila akija: "Mama, majibu?" Safari hii nilimkalisha nikamchorea karatasini: hawa wamekataa, hawa wamekubali bila hela, hawa wananiweka benchi, hawa kimya. Aliitazama karatasi muda mrefu. Akauliza hao wa kimya walilipwa shilingi ngapi. Karibu laki mbili. "Na hawajajibu?" Hawajajibu. "Mimi mteja akinilipa laki mbili nisipompelekea mzigo, ananipeleka polisi."

Mvua zimeanza kupungua. Watu wa chini Chimala wanasema mpunga uko vizuri mwaka huu.

15 Aprili

Rafiki yangu amepiga saa mbili asubuhi. Inzi weupe wamempokea, jana usiku, na usiku huo huo ameviandikia vile viwili kuviachia. Amesema, "Nenda kamwambie mwenzako wa siti kwamba kanga nimeitoa." Nimefurahi kwa dhati. Nimefurahi pia kwa watu wawili nisiowajua, ambao saa hizi labda wako Nepal au Ghana.

Saa tatu: hakuna kitu. Siku yao ya kazi ya tarehe 15 bado haijaanza huko.

Nimevunja kanuni. Nimefungua saa kumi na mbili jioni, saa mbili usiku, saa nne, na saa sita. Hakuna kitu.

17 Aprili

Jangwa. Iliingia usiku wa kuamkia leo. Kuna aliyekataa, wamenipa nafasi: ada yote inasamehewa, posho ya miezi tisa kwa kazi ya kusaidia kufundisha, saa 20 kwa wiki, ambacho ndicho kiwango cha juu ambacho viza ya mwanafunzi inaruhusu wakati wa masomo. Nijibu kabla ya Jumatano ijayo. Kifungu cha "upatikanaji wa fedha" kimo, ukurasa wa pili, maneno yale yale aliyonisomea rafiki yangu.

Nilimwamsha mama. Aliuliza swali moja: "Hii ina hela?" Amejifunza haraka kuliko mimi. Jirani wa duka la kuchapisha amenichapishia barua bure, akasema alijua toka ule usiku wa ukuta.

19 Aprili

Jumamosi ya kabla ya Pasaka. Nimejibu ndiyo kwa Jangwa.

Iliyobaki ni Mfereji, na hapo zamu yangu ya kuwa na kanga kwenye siti mbili imefika. Majibu ya mchujo wao ni katikati ya Mei. Azimio la Wamarekani haliwahusu Waholanzi, hakuna anayenilazimisha kusema lolote. Mjomba ameshauri nikae kimya: "Mama, usiachie kamba ya pili mpaka umeona viza kwa macho." Nimempigia rafiki yangu Iringa, amecheka mpaka akakohoa, halafu naye akasema kama mjomba, subiri karatasi ya I-20 (hati ya chuo ya kuombea viza ya mwanafunzi) ifike, kisha subiri viza, mwaka huu si wa kuwaamini watu.

Nimelitazama kwa upande wa faida. Mfereji bila ufadhili siendi kwa vyovyote. Mfereji wakinipa ufadhili, bado nitakwenda Jangwa kwa sababu ya profesa na ya setilaiti. Kwa hiyo kinachonifaidia pale ni kimoja tu, Jangwa wakinigeuka. Na uwezekano huo upo. Kwa upande mwingine kuna jina moja chini yangu kwenye mchujo ule ambalo haliwezi kupanda. Nimewaandikia Mfereji jioni hii kuomba waliondoe jina langu kwenye ufadhili na kwenye udahili. Aya moja. Mjomba anaona nimefanya ujinga, na amelisema hilo mbele ya wageni wa Pasaka.

24 Aprili

Mfereji wamejibu, wameshukuru kwa kuwajulisha kabla mchujo haujakamilika. Jangwa wametuma orodha ya nyaraka za I-20: nakala ya pasipoti, barua ya benki, fomu ya wategemezi. Ada ya SEVIS, mfumo wa Marekani wa kuwasajili wanafunzi wa kigeni, ni dola 350, ya viza 185, na usaili ni Dar. Mjomba ameuliza tena parachichi zinaanza lini kununuliwa Rungwe, kana kwamba hajui.

Hali: Theluji hapana, Mfereji nimejitoa, Jangwa ndiyo, Ziwa inapitiwa. Daftari la mvua nimemkabidhi mama rasmi, na amedai posho. Nikipata I-20 nitafungua shajara nyingine ya viza. Hii ya udahili naifunga.